Semina ya ubongo au kubadilisha kazi yenyewe? Ulinganisho kwa ofisi za Dar

Bajeti ya mafunzo ikishapitishwa, ofisi nyingi za Dar huelekea njia ileile: ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, mwezeshaji mwenye slaidi, vyeti, picha ya pamoja. Siku hizi mada inayobisha hodi ni sayansi ya ubongo kazini, na jinsi ya kufanya kazi na wenzetu ambao ubongo wao unapokea na kupanga mambo tofauti na wengi: wenye usonji (autism), ADHD (ugumu wa kushika umakini na kutulia), disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), dispraksia (ugumu wa kuratibu mwendo wa mwili). Mada ni njema, na kwetu imechelewa sana. Lakini pesa ileile na siku zilezile zinaweza kutumika kwa njia kadhaa, na njia hizo hazizai matokeo sawa. Hapa chini nazipambanisha mbilimbili, nikimfikiria mwenye ofisi ya watu ishirini hadi mia moja, na yule anayeitwa HR hata kama ni mhasibu aliyeongezewa kazi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama mwaka huu unaweza kufanya jambo moja tu, badilisha namna kazi inavyotolewa, inavyopimwa na kelele zinazoizunguka. Semina ije baadaye, kwa wachache wanaoihitaji.

Semina kwa wote, au maagizo kwa maandishi

Semina ya ubongo inavutia, na mvuto huo wenyewe umepimwa. Mwaka 2008 Deena Weisberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu maelezo kuhusu tabia za binadamu, mengine ya maana na mengine mabovu, kisha baadhi ya maelezo wakayachomekea sentensi kuhusu ubongo ambazo hazikuongeza hoja yoyote. Watu wa kawaida, na hata wanafunzi waliokuwa wanasoma somo la ubongo, waliyaona maelezo mabovu yanaridhisha zaidi yakiwa na sentensi hizo. Waliobobea hawakudanganyika. Sasa fikiria ukumbi wa wahasibu, madereva na watu wa mauzo wanaoonyeshwa picha ya ubongo yenye rangi nyekundu na bluu. Nani atauliza swali gumu?

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba na mwezeshaji, omba slaidi zake uzipitie. Akisema kuna watu wa upande wa kushoto wa ubongo na wa upande wa kulia, mwache: watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013 na hawakukuta watu wa namna hiyo. Akisema tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, mwache pia. Akisema kila mfanyakazi ana mtindo wake wa kujifunza, huyu kwa macho na yule kwa masikio, na kwamba ukimfundisha kwa mtindo huo ataelewa zaidi, mkumbushe kwamba Harold Pashler na wenzake walipoitathmini nadharia hiyo mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitumia.

Hata semina nzuri ina kikomo. Utafiti wa Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly, uliochapishwa mwaka 2006, ulifuatilia kampuni na matawi 708 ya sekta binafsi Marekani. Ulihusu wanawake na watu weusi kupanda vyeo, haukuhusu ubongo, lakini fundisho lake linatugusa: mafunzo ya kubadilisha fikra za mameneja yalikuwa miongoni mwa njia zilizoleta mabadiliko madogo kabisa, na iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa kumpa mtu au kamati maalumu jukumu la kuhakikisha jambo linatokea. Kujua peke yake hakutoshi, lazima awepo mtu wa kuulizwa.

Weka sasa upande wa pili wa mizani. Asubuhi, stoo moja ya vifaa vya ujenzi kandokando ya Barabara ya Nyerere. Msimamizi amesimama mlangoni, simu sikioni, anamwambia kijana aliyebeba katoni begani: "Mdogo wangu, ukishusha hiyo mpigie dereva apitie Keko kabla ya Tandika, halafu ile invoisi ya jana itoe upya, VAT haikuwekwa, na yule mteja wa Kigamboni akipiga mwambie mzigo wake ni kesho, usisahau funguo za stoo ya nyuma mpelekee mlinzi." Kijana anajibu, "Sawa bosi." Saa nane funguo bado ziko mfukoni mwake, na jina lake limeshaanza kutajwa pamoja na neno uzembe.

Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi inabeba takriban vitu saba. Nelson Cowan alirudi kwenye hesabu hiyo mwaka 2001 na kuishusha hadi takriban vinne. Hiyo ni kwa mtu yeyote, akiwa ametulia. Kwa wengi wenye ADHD, kushikilia jambo moja kichwani huku mikono inafanya lingine ndiyo sehemu yao dhaifu kabisa, hata kama ni wepesi wa kufikiri kuliko wote waliomo stoo. Mistari minne kwenye WhatsApp, kila mstari kazi moja, ingemaliza tatizo. Haina gharama, inamchukua msimamizi dakika moja, na inamsaidia hata asiye na ADHD ambaye jana hakulala vizuri.

Angalizo moja: wapo mabosi wanaopenda ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kwa mwenye disleksia hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu halazimiki kusoma. Kwa mwenye ADHD ni mateso, kwa sababu jambo la tatu limefichwa katikati ya salamu na maelezo ya foleni ya Tazara. Tuma vyote viwili, sauti na mistari michache chini yake.

Semina ina nafasi yake pale mnapokuwa mmeshaanza kubadilisha kazi na wasimamizi wana maswali ya kweli. Nusu siku inatosha, kwa wasimamizi peke yao, na ikiwezekana awepo anayeishi na hali hizo azungumze mwenyewe.

Cheti cha daktari, au mazungumzo ya nusu saa

Waajiri wengi wana kauli moja: "Alete cheti, tutamsaidia." Kwenye karatasi ni haki. Kwa hali ya Dar, ni kufunga mlango kwa adabu.

Madaktari bingwa wa afya ya akili nchini ni wachache, na kumpima mtu mzima si kazi ya dakika kumi. Vigezo vya ADHD vilivyotolewa mwaka 2013 katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani (DSM-5), ambavyo wengi huvitumia, vinataka dalili ziwe zilikuwepo kabla ya umri wa miaka 12. Daktari atahitaji mtu wa kusimulia utoto wako. Mama yuko Sumbawanga, anakumbuka kwamba ulikuwa mtundu na unapoteza viatu. Ripoti za shule zililiwa na mchwa. Kwa mwanamke ni ngumu zaidi, kwa sababu msichana aliyekaa kimya darasani akiwaza mbali hakuwahi kuitwa na mwalimu mkuu, na hakuna aliyeandika chochote. Juu ya hapo kuna hofu ya kuonekana umekaa kwenye benchi la kliniki ya akili na jirani wa Mbagala.

Mazungumzo hayahitaji yote hayo. Msimamizi anamwita mfanyakazi pembeni na kumuuliza mambo matatu: kazi ipi inakumaliza nguvu kuliko inavyostahili, saa zipi akili yako imetulia, na ukikosea huwa kimetangulia nini. Majibu ndiyo yanayoleta marekebisho. Atakwambia kikao cha saa mbili bila ajenda kinamvuruga siku nzima. Atakwambia akikatizwa akiwa kwenye hesabu anaanza upya. Nchini Marekani kuna huduma ya ushauri inayoitwa Job Accommodation Network, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwauliza waajiri marekebisho yaliwagharimu kiasi gani. Karibu nusu ya marekebisho hayakugharimu chochote.

"Wengine watasema anapendelewa." Watasema, tena kwa haki, kama yeye peke yake ndiye anayepewa ajenda kabla ya kikao. Wape wote ajenda, na neno hilo litakosa pa kushika.

Cheti kina kazi yake. Kinahitajika kwa likizo ya ugonjwa, kwa marekebisho yenye gharama kubwa, na pale jambo linapoelekea kwenye mgogoro. Kuna na upande wa sheria ambao HR asiupite juujuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inamlinda hata anayeomba kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kunyimwa marekebisho stahiki kuwa ni ubaguzi. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, habari ya afya ya mfanyakazi ni taarifa nyeti. Alichokwambia katika nusu saa ile hakiendi kwenye grupu la WhatsApp la mameneja, hata kwa nia ya kumwombea.

Ofisi ya wazi, chumba, au nyumbani

Ofisi mpya za Mikocheni na Masaki nyingi zimejengwa wazi: meza ndefu, hakuna kuta, kila mtu anamwona mwenzake. Sababu inayotolewa ni ushirikiano. Ethan Bernstein na Stephen Turban walizifuatilia kampuni mbili kubwa za Marekani zilipohamia ofisi za wazi na kuchapisha matokeo mwaka 2018: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Watu waliokosa ukuta waliujenga kwa kukaa kimya.

Kwa mwenye usonji jambo ni zito zaidi. Ule mwongozo wa 2013 ulioweka vigezo vya ADHD ndio ulioingiza rasmi tofauti za hisi katika vigezo vya usonji: sauti, mwanga, harufu na mguso vinaweza kumfikia mtu vikali kupita kiasi, au kwa udhaifu. Taa ya tyubu inayopepesa juu ya meza, jenereta nje ya dirisha umeme unapokatika, harufu ya samaki wa kukaanga kwenye maikrowevu saa saba. Wewe baada ya dakika tano huvisikii tena. Kuna mtu anavisikia hadi saa kumi na moja jioni, kila kimoja, na bado anatakiwa alinganishe taarifa za benki.

Na katika kelele zote za ofisini, mbaya zaidi ni maneno. Majaribio yaliyoanza miaka ya 1970 yalionyesha kwamba sauti za watu wanaoongea zinavuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata unapoamua kutozisikiliza, na hata zikiwa za lugha usiyoijua. Feni inayovuma haivurugi kiasi hicho. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua pa kumkalisha mtu anayehitaji utulivu, mweke karibu na feni kuliko karibu na mapokezi.

Chumba cha peke yake kwa kila mtu hakiwezekani kwa kodi za Posta na Victoria. Chumba kimoja cha kimya kwa wote kinawezekana, hata kama ni stoo ya makabrasha iliyosafishwa na kuwekwa meza mbili, kwa sheria moja tu kwamba humo hakuna simu wala maongezi. Ongeza ruhusa ya wazi ya kuvaa hedfoni bila kuulizwa unasikiliza nini. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa ofisi nyingi.

Nyumbani panasifiwa sana kwenye makala za Ulaya. Kwa Dar inategemea nyumba. Anayeishi vyumba viwili Manzese, na watoto, na redio ya jirani, na bando la kujinunulia mwenyewe, anaweza kuwa na utulivu zaidi ofisini. Usimpangie, muulize.

Lakini faida ya kutosafiri ni kubwa, na hapo saa za kuingia ndizo za kufikiriwa. Watu wazima wengi wenye ADHD wana saa ya ndani inayochelewa, usingizi wao huja usiku mkubwa. Mkazi wa Chanika au Bunju anayetakiwa mezani saa mbili kamili huamka saa kumi alfajiri, anasimama kwenye daladala, anafika akiwa ameshaitumia nusu ya akili yake. Sheria inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Haisemi lazima zianze saa mbili. Kumruhusu aingie saa nne na kutoka jioni zaidi ni rekebisho la bure, na foleni nayo inakuwa imepungua.

Kiingereza, au Kiswahili

Hili ndilo jambo ambalo makala za nje haziwezi kutusaidia, na ninaliona kubwa kuliko yote. Ofisi zetu zinaongea Kiswahili na kuandika Kiingereza. Kikao kizima kinakwenda kwa Kiswahili, halafu mtu anaambiwa, "Andaa ripoti," na ripoti ni ya Kiingereza. Kwa wengi wetu ni kero ndogo tuliyoizoea tangu kidato cha kwanza. Kwa mwenye disleksia ni mlima.

Disleksia kiini chake ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake, na lugha hazifanani katika hilo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa: ukizijua silabi, unaweza kusoma neno ambalo hujawahi kuliona. Kiingereza kinamdai msomaji akariri, maana herufi zilezile zinabeba sauti tofauti kila zinapohamia neno jingine. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha wasomaji wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao yako wazi kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao. Lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule wa shughuli katika eneo lilelile la upande wa kushoto kwa makundi yote matatu. Hali ni moja; ni mwandiko wa lugha unaoificha au kuifichua.

Rudi sasa Dar. Dada anafanya kazi kaunta ya kampuni ya usafirishaji mizigo. Anawajua wateja kwa majina, anajua lori gani liko Chalinze, malalamiko yanaishia kwake bila kelele. Akipandishwa cheo kuwa msimamizi, kazi inakuwa ya barua pepe. Anaiandika sentensi, anaifuta, anaipeleka kwa rafiki aikague, jibu linachelewa siku mbili. Tathmini ya mwisho wa mwaka inaandika kwamba hana uwezo wa uongozi. Inawezekana Kiingereza chake ni kidogo tu. Inawezekana ana disleksia ambayo Kiswahili kiliisitiri tangu shule ya msingi. Kwenye maandishi yaliyo wazi, disleksia hujionyesha zaidi kwa usomaji wa taratibu kuliko kwa makosa, kwa hiyo hakuna mwalimu aliyeshtuka. Alionekana mtoto anayesoma polepole, basi.

Uzuri ni kwamba HR hahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu dawa ya ofisini ni ileile. Ripoti za ndani ziandikwe Kiswahili. Barua za nje ziwe na violezo vilivyoandaliwa, mtu ajaze nafasi. Maelezo marefu yaruhusiwe kwa sauti na mwingine ayaandike. Nyaraka za kusomwa kikaoni zitumwe siku moja kabla, badala ya kumpa mtu kurasa sita na kumwambia, "Pitia hapo haraka." Na vigezo vya kupandishwa cheo vitenganishe kusimamia watu na kuandika Kiingereza.

Nimeshasikia hoja kwamba Kiswahili kinashusha hadhi ya kampuni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Hukumu inayoweza kumpeleka mtu jela inaandikika kwa Kiswahili. Ripoti ya wiki ya lori la Chalinze itashindikanaje? Mwenye wateja wa nje abaki na Kiingereza pale kinapohitajika na mteja. Kwingine kote, katika ulinganisho huu Kiswahili kinashinda kwa mbali, na sijaona rekebisho jingine linalowafikia watu wengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Usaili, au kazi ya majaribio

Hapa nitakuwa mfupi kuhusu programu kubwa. Thorkil Sonne, ambaye mtoto wake ana usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne, inayoajiri watu wenye usonji, nchini Denmark mwaka 2004, akiwapima waombaji kwa kuwapa roboti za LEGO wazipange na kuziendesha. SAP, kampuni ya teknolojia ya Ujerumani, walizindua programu yao ya kuajiri wenye usonji mwaka 2013. Ni mifano mizuri, ila ofisi ya watu arobaini Kijitonyama haina haja ya programu maalumu. Inahitaji kuchukua kipande kimoja tu cha wazo: mpe mtu kazi uone anavyoifanya.

Jopo la usaili la Dar lina watu watano upande mmoja wa meza, na swali la kwanza ni "Tueleze kuhusu wewe." Swali hilo halina mipaka. Mwenye usonji anaweza kujiuliza kwa dhati aanzie wapi, ukimya wake ukahesabiwa kuwa hajiamini. Fomu ina alama za kumtazama mtu machoni. Hili linanisikitisha, kwa sababu wengi tulilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Tumeazima kipimo kisicho chetu na kinawaangusha watu wenye uwezo.

Tafiti za kuajiri zilizokusanywa na Frank Schmidt na John Hunter mwaka 1998, na zile zilizohesabiwa upya na Paul Sackett na wenzake mwaka 2022, zinapishana kwa mengi, lakini zinakubaliana kwamba usaili wenye maswali yaleyale kwa wote na alama zilizopangwa unatabiri utendaji kuliko maongezi huru. Mtumie mwombaji maswali siku moja kabla. Kisha mpe kazi halisi ya saa moja au mbili: kama ni mhasibu, mpe taarifa ya benki yenye makosa ayatafute. Ikizidi nusu siku, mlipe.

Akishaajiriwa, kuna salamu. Mtu anaingia asubuhi, anapita moja kwa moja kwenye meza yake, hajampa mama wa mapokezi shikamoo. Kufika saa tano jengo zima limeshasema ana dharau. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wengine kunatoka pande zote mbili. Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walilipima jambo hilo mwaka 2020 kwa kuwapa watu hadithi waipokezane: wenye usonji peke yao waliifikisha vizuri sawa na wasio na usonji peke yao, na ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Basi mweleze mgeni waziwazi kwamba hapa tunasalimiana tukiingia, asiachwe abahatishe. Na mweleze mama wa mapokezi kwamba kijana huyu akiinua mkono tu, ameshasalimia. Pande zote mbili zisogee.

Kusema, au kunyamaza

Hii ni kwa mfanyakazi, na sitajifanya kwamba jibu ni moja.

Ukisema una usonji au ADHD, unapata nafasi ya kuomba marekebisho kwa haki na unaacha kujificha, jambo ambalo lenyewe linachosha. Unaweza pia kukuta kila kosa lako linaelezwa kwa neno hilo, na watu wakianza kukuongelesha polepole. Ukinyamaza, unabaki salama machoni pa watu, lakini ukikosea unahukumiwa kama mtu ambaye angeweza na hakutaka.

Kwa wengi, njia ya kati ndiyo bora: omba kitu, acha jina la hali. "Naomba nikumbushwe kwa maandishi, nafanya vizuri zaidi hivyo." "Naomba nikae upande ule, kelele zinanivuruga." Bosi wa kawaida wa Dar atakubali bila kuuliza sababu. Andika ombi hilo hata kwa ujumbe mfupi, libaki kumbukumbu.

Kipindi cha majaribio kinahitaji uangalifu. Ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, ingawa katazo la ubaguzi linamlinda tangu anapoomba kazi. Kama bado uko humo na hakuna kinachokubana, omba marekebisho madogo na subiri kidogo na mengine.

Hesabu inabadilika siku unapopewa barua ya onyo. Hapo kunyamaza hakukusaidii tena. Jibu kwa maandishi, taja hali yako na marekebisho unayoyaomba, ambatisha cheti kama unacho, na ubaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Wakikuachisha kazi, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi ukiwa bado kazini, ni siku 60.